Kikohozi cha Kolo

Kilikuwa kikohozi kidogo tu. Kho. Halafu kimya cha kama kumeza mate. Halafu kho tena, cha pili kizito kuliko cha kwanza, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wametoka. Nyuma yake kulikuwa na upepo wa mlimani, na mbali kabisa mbuzi mmoja mwenye malalamiko yake. Nilikisikiliza mara kumi na tano hivi, hedifoni masikioni, mchana kweupe, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki Kizota, hapa Dodoma. Najua kilivyoanza na kilivyoisha. Ukitaka nakuigizia sasa hivi. Ila hakipo tena popote duniani, kwa sababu nilikifuta mimi.

Mwenye kikohozi sikuwahi kumwona. Alikuwa mume wa Fundi, na hiyo ndiyo sauti pekee aliyokuwa amebaki nayo ya mume wake. Nitafika huko. Kwanza nimweleze Fundi mwenyewe, maana nikianzia kwenye kosa langu mtamwona kama mtu wa kuonewa huruma, na yeye huruma alikuwa anaiona inakuja toka barabarani, anaifungia mlango.

Kizota ukiita "Fundi" saa nne asubuhi, vichwa ishirini vinageuka. Kuna wa mageti, wa makochi, wa injini, wa kunyoosha bodi za magari. Yeye alikuwa hageuki. Alikuwa anasubiri uite mara ya pili, kwa adabu, ndipo anachomoza kichwa kwenye pazia la mlango na kuuliza, "Karibu. Umefiwa au unaoa?"

Kazi yake ilikuwa hizo mbili. Ukutani kulikuwa kumeandikwa kwa rangi ya bluu: VIDEO ZA HARUSI, SENDOFU, KIPAIMARA NA MISIBA. Siku moja mwenyekiti wa mtaa alikuja kuhimiza usafi wa mfereji, akaulizwa swali hilo hilo. Akasema hana harusi wala msiba, anashukuru Mungu. "Basi rudi ukipata," akaambiwa, na pazia likashuka. Mfereji ulisafishwa kesho yake, na Fundi mwenyewe, kanga kiunoni. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa anakataa kwanza, halafu anafanya.

Mimi nilimfikia na birika. Kidato cha nne nilikimaliza nacho kikanimaliza, nikaletwa kutoka Kongwa kwa mama mdogo anayeuza chai na chapati kwa mafundi. Nilikuwa napita kibanda hadi kibanda na vikombe vyangu huku kichwani nikijihoji kama mtu maarufu: je, ulianzaje safari yako ya filamu? Ah, nilianzia mbali sana. Siku niliyoingia kwa Fundi nilikuta kwenye kioo cha kompyuta yake kuna mlango. Mlango wa mbao, wa nyumba ya kawaida tu, umefunguliwa nusu. Kuku akapita. Jani likapita. Nikasimama na birika langu mpaka mkono ukachoka.

"Shikamoo. Mtu anatoka saa ngapi?" nikauliza.

"Marahaba. Hatoki."

"Sasa tunasubiri nini?"

"Mimi nakula karanga," akasema. "Wewe ndiye umesimama hapo. Niambie wewe unasubiri nini."

Kesho yake nilirudi kuomba kazi. Akaniangalia miguu, siyo uso. Akataka kujua kama ninaweza kusimama mahali pamoja dakika tano bila kuhama mguu. Nikasimama. Dakika ya tatu alinirushia ganda la karanga, sikucheza. Akasema kazi nimepata.

Ule mlango ulikuwa wa mama wa mtu mmoja wa kwetu Kongwa, mtu mzima na ndevu zake, aliyekuwa ameleta video ya mazishi ipunguzwe. Fundi alikuwa na tabia moja: ukimletea video ya msiba, anaipunguza kama ulivyosema, anakukabidhi, halafu kabla hujaondoka anakuuliza, "Marehemu alikuwa anapenda kukaa upande gani?" Watu wanashangaa kidogo, lakini wanajibu haraka. Hakuna aliyewahi kusema sijui. Mmoja atasema alikuwa anakaa kwenye kinu kilichopinduliwa nyuma ya jiko. Mwingine, kwenye ngazi ya zahanati, anauza ndizi. Mwingine, pale alizeti zinapoishia, kwenye kichuguu, anaangalia gari za Kibaigwa. Basi Fundi, bila kuagizwa na mtu, siku akiwa na nafasi, anabeba kamera anakwenda pale pale. Anatengeneza filamu ya dakika tatu au nne. Haina mtu. Haina muziki. Kuna mahali tu, na saa ambayo mtu huyo alikuwa anakaa hapo.

Yule wa Kongwa alipooneshwa mlango alikasirika.

"Fundi, sasa mama mwenyewe yuko wapi?"

"Ungekuwa unajua yuko wapi usingekuja kwangu."

"Lakini mimi nataka kumwona."

"Kaa basi. Mlango ule ulikuwa unafunguliwa na nani?"

Akakaa. Kuku akapita, jani likapita. Mahali fulani kati ya kuku na jani yule mzee akashika magoti yake mwenyewe kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Hapo ndipo alikuwa anatukana mbuzi." Wiki ya tatu akarudi kuomba irefushwe. Fundi akakataa. Alisema ikirefuka atahamia humo.

Nisimfanye mtakatifu, hapana. Kwenye harusi alikuwa kero tupu. Alikuwa anampanga bibi harusi kama anapanga matofali. Alikuwa anacheza huku anapiga picha, kwa hiyo video zake zote za kuingia ukumbini zinayumba, na ukimwambia anasema aliyeyumba ni ukumbi. Aliwahi kumrudisha bwana harusi nje ya kanisa aingie upya kwa sababu aliingia kama anaenda kuchukua hati ya kiwanja. Na alikuwa anapenda pilau ya harusi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nikiwa na kamera ya pili nilikuwa nikimtafuta namfuata kwa harufu.

Kwa hiyo alikuwa watu wawili. Kwa walio hai alikuwa hatulii, na kwa waliokufa hachezi hata kope. Nilimuuliza siku moja mbona hivyo. Akasema walio hai wakikosea watarudia.

Lakini kitu alichonifundisha kuliko vyote ni kimya. Anayeunganisha filamu anakihitaji, nikieleza sasa naona ni jambo la kawaida kabisa la kazi. Ukikata sauti hapa na pale panabaki mashimo, na shimo huwezi kuliziba na hewa tupu, litasikika. Lazima ulizibe na kimya cha mahali pale pale. Kwa hiyo kila anapomaliza kupiga picha, Fundi anaweka kinasa sauti juu ya stendi, anainua mkono wa kulia, na watu wote waliopo wanatulia dakika moja nzima. Alikuwa ananiambia kimya cha Kongwa kina vumbi, cha Kondoa kina mawe. Mimi nikawa naitikia tu, baadaye masikio yakafunguka nikaona mama wa watu anasema kweli.

Kuna nyumba moja Chamwino, tulipoinua mkono bibi mmoja akadhani tumeanza kusali. Akafumba macho. Dakika ilipoisha Fundi akashusha mkono, na bibi akasema kwa sauti nzuri, nene, "Amina." Kila mtu akasema amina. Nikadhani Fundi atarudia. Hakurudia. Ile amina aliiacha kwenye filamu, mwisho kabisa, na yule bibi akawa anawaambia majirani ameigiza.

Sasa kadi. Kadi ya kinasa sauti ni ndogo kama biskuti ya mtoto, na pembeni ina kitufe, chembamba, unakisukuma kwa ukucha. Ukikishusha, kadi imefungwa: unaweza kusikiliza, huwezi kufuta wala kuandika juu yake. Fundi alikuwa na ukucha mmoja tu mrefu, wa dole gumba la kulia, kwa kazi hiyo. Jioni tukiagana hakuwa anasema kwa heri. Alikuwa anasema, "Umefunga?" Mama mdogo alidhani ananiuliza mlango. Na kila kazi alikuwa anaitoa nakala mbili, moja kwenye diski, moja kwenye diski nyingine iliyokaa kabatini kwake nyumbani chini ya vitenge, ili panya au moto visizipate zote mbili. Ukipoteza video ya harusi ya mtu, alikuwa anasema, bora uhame mkoa.

Ila kulikuwa na kadi moja, kwenye kopo la pini, ambayo haikuwa na nakala hata moja. Nilimuuliza mbona anatuhubiria halafu yeye hafanyi. Akasema, "Hiyo ni ya mtu mmoja. Ikiwa mbili nitakuwa sijui yupi ni yeye." Nikacheka. Nilidhani ni utani wa Warangi, kabila lake.

Mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea, kibanda cha pili kutoka pale. Alifariki mwaka mmoja kabla sijafika na birika langu, kwa hiyo namjua kwa vitu viwili. Cha kwanza ni stendi ya kamera. Watu wengine wana stendi za kukunja, nyepesi, unabeba na kidole. Yetu aliitengeneza yeye kwa mabomba ya chuma, akaipaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na uzito wake ni wa mtoto wa darasa la tatu anayekula vizuri. Niliibeba miaka sita. Bega langu la kushoto hadi leo liko chini ya mwenzake. Fundi alikataa kununua nyingine. Alisema hii upepo wa Dodoma hauiwezi, na kweli, hauiwezi.

Cha pili ni kwamba alichukia kamera. Mke mpiga picha, mume hataki kupigwa. Akiona kamera inamgeukia anashusha ile ngao ya usoni ya kuchomelea, tap, anabaki bati jeusi lenye kidirisha. Fundi alikuwa na saa nyingi za watu wa Dodoma wakilia na kucheza, watu ambao hata majina yao hayajui, na ya mumewe hakuwa nayo hata neno. Isipokuwa Kolo.

Kolo ndiko alikozaliwa Fundi, huko Kondoa kwenye michoro ya kale ya mawe. Zamani hizo, mume akiwa hai, walipanda mlima pamoja, yeye na kamera, mume na stendi. Wageni wote wakifika pale wanapiga picha michoro. Fundi aliipa michoro mgongo. Aliweka kamera chini ya mwamba ikaangalia kule ambako ile michoro imekuwa inaangalia: vichaka, bonde, mashamba, tambarare ya Wamasai mbali kama maji. Halafu akainua mkono kuchukua kimya. Katikati ya dakika, mume, kifua kikiwa bado kinahema kwa stendi yake mwenyewe, akakohoa mara mbili.

"Umeniharibia kimya," Fundi akamwambia akizima kinasa.

Mume akacheka. Lakini kinasa kilikuwa kimeshazimwa, kwa hiyo kicheko hakimo.

Hayo yote alinieleza baadaye. Wakati huo nilikuwa najua tu kwamba ana filamu fupi ya Kolo, sauti yake ikiwa kwenye kadi ile peke yake, anayoifungua, anaiangalia, anaifunga, miaka inapita. Za wengine alikuwa anazimaliza kwa siku moja. Hiyo haikuisha. Mpaka vijana wa chuo walipoandaa onyesho la filamu fupi za watu wanaojitengenezea wenyewe, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mdogo mjini. Mmoja wao alikuwa ameona ule mlango wa Kongwa, akaja kumbembeleza. Fundi akakataa. Halafu, kama kawaida yake, akakubali. Akasema atapeleka ya Kolo.

Akaenda harusi ya siku mbili Mpwapwa akaniachia kibanda. Nami nikaamua kumsaidia. Hebu fikirieni, filamu ya Fundi wangu inakwenda kuoneshwa kwa wasomi, na sauti ina mtu anakohoa. Niliona aibu kwa niaba yake. Nikatoa kadi kwenye kopo la pini, nikaiweka kwenye kompyuta, nikaanza kusafisha. Nilikuwa nimeshakuwa hodari wa kusafisha. Nilikiona kikohozi kwenye kioo kama vichuguu viwili, nikavisawazisha polepole, nikisikiliza, narudia, nasikiliza, mpaka ukabaki upepo peke yake, laini kama shuka. Nikabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikakataa. Nikabonyeza tena, ikakataa. Nikatoa kadi, nikaona kitufe kiko chini. Nikakisukuma juu kwa ukucha. Nikairudisha. Ikakubali.

Alirudi Jumatano na pilau kwenye mfuko, fungu langu.

"Fundi, nimekusaidia kitu," nikasema.

"Kitu gani?"

"Ile sauti ya Kolo ilikuwa na makelele. Nimeisafisha."

Akavaa hedifoni, akasikiliza. Akaivua, akaipangusa na kanga, akaivaa tena.

"Hapa palikuwa na kikohozi."

"Ndiyo. Nimekitoa." Nikatabasamu. Nakumbuka kabisa kwamba nilitabasamu.

"Umekitoa ukakiweka wapi?"

Kitu kikitolewa pale hakiwekwi mahali.

"Kadi ilikuwa imefungwa," akasema.

"Niliifungua."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeelekezwa njia. Nje grainda ya fundi mageti ilikuwa inalia, akasubiri inyamaze. "Yule alikuwa mume wangu," akasema, kwa sauti ile ile anayomtambulishia mtu mgeni. Halafu akanisogezea mfuko wa pilau. "Chukua. Nenda nyumbani kale."

Sikula. Mama mdogo alikula, akasema ni tamu, akaniuliza nimefiwa na nani.

Siku tatu hatukusemeshana. Nilikuwa nafika asubuhi, nafagia, naweka chai, nakaa kwenye kiti changu cha plastiki. Yeye alikuwa anaweka hedifoni asubuhi anaivua jioni. Nilijaribu kumtafutia kile kikohozi kwenye kompyuta, kila folda, kila pipa la taka la kompyuta. Nilimpelekea kijana wa kurekebisha simu, akaniambia kitu kilichoandikwa juu yake hakirudi. Nilipanga maneno ya kuomba msamaha, marefu, yenye Mungu ndani. Sikupata pa kuyaanzia. Onyesho lilikuwa Jumamosi, na hapo ilikuwa tayari Ijumaa.

Jumamosi asubuhi akaniita. Siyo kwa jina. Akanipungia kidole.

"Vaa hii. Sikiliza. Usiseme kitu."

Nikasikiliza. Upepo, mbuzi, upepo. Halafu akanigusa bega, hapo. Mimi sikuwa nimepasikia kabla, kwa kuwa nilikuwa nasikiliza nilichokitoa. Upepo ulikuwa umenywea. Kidogo sana, kama mtu aliyepita mbele ya dirisha akazuia mwanga. Ukarudi. Ukanywea tena, mara hii kwa muda mrefu kidogo, ukarudi.

"Umesafisha vibaya," akasema. "Umekwangua hadi upepo. Sasa pana mashimo mawili. Nimeyapima. Urefu wake ni ule ule, la kwanza dogo, la pili kubwa."

"Niyazibe, Fundi? Kimya kingine kipo cha kule."

"Thubutu," akasema. "Hayo ndiyo yamebaki kwangu. Uyazibe?"

Tukaenda hivyo hivyo. Stendi niliibeba mimi ingawa haikuwa na kazi ukumbini, alisema tu ije. Watu walikuwa kama arobaini. Filamu zilizotutangulia zilikuwa nzuri kweli, kuna binti alipiga mizabibu ya babu yake iliyong'olewa ikapimwa viwanja, nililia nikapenga. Halafu ikaja ya kwetu. Njia. Ngazi za mawe. Kivuli cha mwamba kinasogea. Bonde, na dakika yake. Mahali pale upepo uliponywea nilishika kiti cha mbele. Fundi hakuniangalia.

Zikaja taa na maswali. Kijana mmoja wa miwani akasema, "Mama, kazi ni nzuri sana, hongera. Ila kuna sehemu kama mbili sauti inakatika. Lilikuwa ni tatizo la kiufundi?"

Nikatamani ardhi ipasuke. Fundi akashika maiki, akaigongagonga kwanza.

"Hapana," akasema. "Hapo kuna mtu."

Akakaa. Yule kijana akabaki amesimama. Akavua miwani. Halafu akauliza kama inawezekana kurudia dakika ile ya mwisho, na wakairudisha, na watu arobaini wakakaa kimya wakimsubiri mume wa Fundi. Alipopita, nilisikia mwanamke nyuma yangu anasema, "Ehe." Akapita tena. Hakuna mtu aliyekohoa ukumbi mzima.

Msamaha hakuwahi kuutamka. Alichofanya ni kunigeuza hadithi. Kila mteja mpya alikuwa ananitambulisha: "Huyu Mgogo ndiye msaidizi wangu. Mume wangu nilimzika mimi, huyu akamzika tena, kwa usafi zaidi." Wateja hawajui wacheke au la, mimi naangalia chini. Mwaka mzima. Halafu siku moja akanitambulisha akasahau kuisema, na nikajikuta naisubiri. Nikamkumbusha mimi. Akacheka mpaka akakaa.

Masikio yake yalianza kuchoka polepole. Miaka yote ile kati ya grainda na spika za harusi. Alianza kuongeza sauti, halafu kuniuliza "eti?", halafu akaanza kushika spika kwa kiganja ili ajue kama inaongea. Siku moja alivua hedifoni, akaniambia nimalizie mimi, kipaimara cha mtoto wa watu kisije kikatoka bubu. Mwezi ule ule akahamia Kolo kwa dada yake. Kibanda nikabaki nacho, pamoja na stendi. Swali la mlangoni nimelirithi pia, ila mimi nikiuliza watu wanaona sina adabu.

Mwezi uliopita nilimfuata. Kolo ilikuwa imevuna, mahindi yameanikwa uani, dada yake yuko jikoni na moshi wake. Fundi alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya karanga.

"Shikamoo Fundi."

Hakusikia. Nikamgusa bega.

"Marahaba," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. "Umekonda. Wenzako Wagogo hawakupi mlenda? Stendi iko wapi?"

"Nimekuja nayo. Ila mguu mmoja umeshika kutu."

Akaikagua, akaipapasa mabomba. "Hii siyo kutu. Hii ni rangi yake," akasema, ingawa ilikuwa kutu kabisa.

Tulikula, tukasengenya maharusi. Halafu akapangusa mikono, akanigeukia.

"Hebu nikoholee."

"Nini, Fundi?"

"Kile kikohozi. Tunaokijua ni wawili tu, na mmoja masikio yameaga. Nikoholee."

Akaja nyuma yangu, akaniwekea kiganja mgongoni, kama unavyompima mtoto mwenye mafua. Nikakohoa. Kho. Nikasubiri. Kho.

"Siyo hivyo. Cha pili kilikuwa kizito. Alikuwa ametua stendi, wewe. Alikuwa amechoka."

Nikavuta pumzi. Nikafikiria bega langu la kushoto na ule mlima. Nikakohoa tena. Kiganja chake hakikutoka mgongoni.

"Ehe," akasema. "Rudia."

Nikarudia, na nikarudia, mpaka dada yake akatoka jikoni anakimbia na kikombe cha maji, "Maskini, mtoto wa watu amepaliwa," na Fundi akacheka, akaweka paji la uso wake mgongoni kwangu akacheka hapo hapo, nikawa nakisikia kicheko kwenye mbavu.

Kabla sijaondoka niliweka kinasa juu ya stendi, nikainua mkono wa kulia. Aliona, akatulia. Kuku, upepo kwenye maganda ya mahindi, dada yake anakwangua sufuria. Kama nusu ya dakika hivi Fundi akachukua karanga, akaipasua, ka, akatafuna kama yuko peke yake duniani. Kisha akanigeukia na kwa sauti ile yake ya siku hizi akauliza, "Tumeanza?"

Mkono wangu haukushuka. Nikamwangalia, yeye akaniangalia, akaendelea kutafuna. Dakika ilipoisha nikazima.

"Nimeharibu?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Utasafisha?"

"Sisafishi," nikasema, karibu na sikio lake.

Nilirudi Kizota Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi, mafundi wako kanisani na grainda zimelala, nilifungua kibanda nikaingia peke yangu. Nilitoa kadi kwenye kinasa. Kompyuta nilikuwa sijaiwasha bado. Nikaishika kadi dirishani kwenye mwanga, nikakitafuta kitufe, nikakishusha kwa ukucha wa dole gumba. Nikakijaribu mara ya pili, kama alivyokuwa anafanya yeye, kuona kama kimeshuka kweli. Kilikuwa kimeshuka.